Kupanda Sekenke Ndani ya Duka

Mvua za mwaka ule hazikujua kuaga. Zilipofika Desemba watu walizipokea kwa vigelegele, maana walikuwa bado wanaukumbuka ukame, na ule unga wa njano wa msaada uliokuwa ukiwakwama kooni. Krismasi ikapita inanyesha, Januari ikapita inanyesha, na kufika Februari waliopiga vigelegele walikuwa wameacha hata kuzungumza habari za mvua. Waliamka, wakatazama nje, wakashusha pumzi, wakachukua jembe.

Anselm aliamka kabla yao, akachukua baiskeli.

Hakuwa kijana tena. Alishapita miaka thelathini, ana mke na watoto, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsemesha asubuhi. Zamani nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya changarawe itokayo Singida mjini kwenda Nzega. Alikuwa akitoka mlangoni anadandia baiskeli na kwenda. Lakini ilipokuja Operesheni ya kuhamia vijijini, yeye na wenzake walipangiwa viwanja upande wa pili wa Iguguno, huko mbugani, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumeza kisigino. Masika hugeuka gundi. Baiskeli ikiingia humo, tope hujaa kati ya tairi na uma, na gurudumu hugoma kabisa. Basi Anselm aliibeba begani, nayo ilikuwa nzito, mpaka afike barabarani. Akisha kuendesha, anaibeba tena kurudi, kisha anakwenda shamba la kijiji pamoja na watu wengine.

"Zamani Anselm aliipanda baiskeli," majirani walisema. "Siku hizi baiskeli inampanda Anselm."

Alicheka nao. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Aliyemtia katika kazi hii alikuwa Mzee Manji, mwenye duka pale njia panda ya Iguguno. Manji alizaliwa Singida mjini, nyuma ya duka la baba yake Bhagwanji, na ujana wake wote aliumaliza juu ya baiskeli, akishindana na makarani na maaskari enzi za Mwingereza. Kisha akaoa, akaja kufungua duka Iguguno, akanenepa, na Kinyiramba chake kikawa kizuri kuliko cha watoto wengi wa Wanyiramba. Mwaka uliopita, siku ya Saba Saba, alimwona Anselm akishika nafasi ya tano katika mbio za mkoa kwa baiskeli ileile anayobebea magunia. Akamwita.

"Miguu unayo," alimwambia. "Kitu huna ni Februari."

"Februari, Mzee?"

"Mwezi wa Julai kila mtu ana miguu. Barabara kavu, jua zuri, hata mwivi wa kuku anakimbia. Mbio za Julai mtu anazishinda Februari, wenzake wakiwa wamejifunika mablanketi. Wawili wa kwanza mwakani watapelekwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Unataka?"

Anselm alitaka. Hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Alikuwa amehamishwa, amepangiwa kiwanja, amepangiwa zamu, amepangiwa mstari wa kulima. Hakuwa na chuki na hayo. Mengine aliyaona ya maana. Lakini juu ya baiskeli hakuna aliyempangia kitu, akaona hicho kinamtosha.

Sasa Februari ilikuwa imefika kweli, na barabara ya changarawe nayo ikaoza. Malori yaliyokwama yalichimba mashimo ya kuzikia mtu. Asubuhi moja gurudumu la mbele la Anselm lilizama katika mfereji wa tairi la lori, naye akaruka juu ya usukani akatua kwa bega. Alilala pale kwenye maji mekundu kwa muda, mvua ikimpiga usoni, akafikiri ni vizuri tu kulala hapo. Kisha akaamka, akaikokota baiskeli mpaka dukani.

Manji alimkanda lile bega kwa mafuta ya moto. "Basi," alisema. "Barabarani huendi tena. Ukivunja bega sasa, Julai utakuwa upande wa wapiga makofi."

"Nitafanya mazoezi wapi, Mzee? Angani?"

Manji aligeuka akalitazama duka lake.

Duka lilikuwa tupu. Lilikuwa limekuja agizo kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, biashara ishikwe na duka la kijiji. Vitenge, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilishabebwa. Zilibaki rafu zenye alama za mahali madebe yalipokuwa, meza ndefu ya mninga iliyong'arishwa na viwiko vya watu, na mizani na mawe yake. Manji alikuwa bado anaamka mapema kila siku, anaketi nyuma ya meza ile, hauzi kitu. Mkewe, Mama Chanchal, aliacha kumuuliza anangoja nini.

"Ingiza baiskeli ndani," alisema Manji.

Kazi ile iliwachukua siku nzima. Waligonga mbao mbili nzito zikasimama kama miguu ya kitanda, wakaitundika ekseli ya nyuma kati yake, gurudumu likaning'inia linazunguka hewani. Gurudumu la mbele walilifunga kwenye mguu wa meza. Anselm alipanda, akapiga pedeli. Gurudumu lilizunguka kama la kuchezea.

"Hii si baiskeli," alisema. "Ni kupunga upepo."

"Ngoja," alisema Manji. Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa gari, akaupitisha juu ya tairi, upande mmoja akaufunga kwenye ubao, na upande wa pili akauning'inizia kikapu. Kisha akaenda kwenye mizani, akachukua jiwe la kilo moja, akalitia kikapuni. Mpira ukalibana tairi.

"Piga sasa."

Ilikuwa nzito. Akaongeza la kilo mbili. Anselm akaanza kuhema.

"Hapo ndipo mwinuko wa Misigiri," alisema Manji. Akachukua lile kubwa la kilo tano, akalishika kifuani kama mtoto. "Na hili ni Sekenke."

Kila mtu wa barabara ile aliijua Sekenke, ule mlima ambao malori huupanda yakilia na utingo huruka chini na kabari mkononi. Anselm aliutazama ukuta wenye rafu tupu, akainama, akaanza kuupanda.

Ikawa hivyo kila jioni. Akitoka shamba la kijiji alipitia kipande chake mwenyewe, akapalilia kidogo, kisha akavuka tope kwenda dukani akiwa na miguu mitupu. Manji alifunga mlango, akawasha kandili, akaketi nyuma ya meza yake na kuanza kugonga ubao kwa kidole: ko, ko, ko, ko. Huo ndio uliokuwa mwendo. Kidole kikiharakisha, Anselm aliharakisha. Mvua ilipiga mabati hata wasisikilizane, lakini kidole kikiinuka na kushuka Anselm alikiona, akakifuata. Jasho lilimtiririka likafanya dimbwi sakafuni. Hakukuwa na mti wa kuupita, wala mbwa wa kumkimbiza, wala mteremko wa kupumzika. Barabarani mtu akichoka hujiambia, nifike pale mbuyuni kwanza. Hapa pa kufika palikuwa ni papo hapo alipo. Uchovu wa namna hiyo Anselm hakuwahi kuujua. Ulikuwa hauishi kwa usingizi.

Katibu wa kijiji, Bwana Antipasi, ndiye aliyewakuta. Alikuwa amesikia mvumo ndani ya duka lililofungwa, tena saa za jioni, na mlango umekomewa. Akaja na mgambo wawili, akagonga kwa nguvu.

"Fungua, Mzee Manji! Tunasikia mashine!"

Manji alifungua. Antipasi aliingia na tochi, akamulika rafu, akamulika chini ya meza, kisha akammulika Anselm aliyekuwa juu ya siti, kifua wazi, anatweta.

"Mashine iko wapi?"

"Ndiyo hii, Katibu," alisema Anselm.

"Inasaga nini?"

"Haisagi kitu."

Antipasi aliizunguka ile baiskeli. Alilitazama gurudumu lililokuwa bado linajizungukia polepole, akakitazama kikapu cha mawe ya mizani. Mgambo mmoja alikuwa ameshika mdomo asicheke.

"Sasa wewe unakwenda wapi?" aliuliza Antipasi, na aliuliza kwa dhati kabisa.

"Nakwenda Saba Saba, Katibu."

Mgambo wakaangua kicheko. Antipasi hakucheka. Naye alikuwa mtu aliyechoka. Siku hizo kila karatasi iliyotoka wilayani ilimwangukia yeye, na duka la kijiji lilikuwa limeishiwa chumvi kabla halijamaliza mwezi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua kofia iliyolowa.

"Anselm, watu wanalima wamechoka mpaka wanasinzia na jembe mkononi. Wewe nguvu unazo za kuja kuzimwaga sakafuni kwa Mzee Manji? Kesho nitajibu nini wakiniuliza?"

"Zamu yangu sijawahi kuikosa hata siku moja, Katibu. Waulize."

"Najua. Ndiyo maana sikufungi." Akamgeukia Manji. "Mzee, sitawakataza. Lakini mlango huu uwe wazi. Watu wakisikia kitu kinavuma ndani ya duka lililofungwa, watasema unauza kwa magendo, na mimi nitasemwa nimekula."

Kuanzia siku ya pili mlango ukawa wazi, na Iguguno nzima ikaja kutazama. Walisimama barazani wakikwepa mvua, wakampigia kelele kama utingo: "Shusha abiria!" "Iguguno kesho tutafika?" Mzee mmoja mlevi alimwomba lifti mpaka Nzega, akasisitiza kabisa. Anselm aliinama akapiga pedeli, masikio yanamwaka moto. Kicheko cha majirani mbugani alikizoea, kilikuwa cha watu wake. Hiki kilimkata.

Akaacha kwenda.

Jioni ya kwanza alijiambia ni bega. Ya pili alijiambia ni palizi. Baada ya hapo hakujiambia kitu. Aliketi jikoni kwenye kigoda, akatazama moto. Mkewe, Dina, alipika, akalisha watoto, akakosha vyombo akimkwepa miguu.

Mwisho Dina akaweka sufuria chini. "Baba wee," alisema, "nenda kwa Mzee Manji."

"Nimwendee nini? Si wewe uliyesema nakuachia palizi peke yako?"

"Nilisema, na ni kweli unaniachia. Mikono yangu hii itazame." Akamwonyesha viganja, vilikuwa vimepasuka kama mbuga ya Septemba. "Lakini wiki hii umekaa hapa na palizi hujaongeza hata tuta moja. Umenuna tu. Na kununa kwako, Anselm, kunanichosha kuliko magugu. Magugu nikiyang'oa yanatoka."

Anselm aliinuka kwenye kigoda. Akakunja suruali, akatoka mvuani.

Alimkuta Manji nyuma ya meza, mlango wazi, kandili inawaka. Kidole kilikuwa juu ya ubao lakini hakigongi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

Anselm alipanda, kidole kikaanza.

Watazamaji walichoka kabla yake. Kichekesho kisichobadilika hakina wateja, na kufika Machi alibaki Manji peke yake, na Mama Chanchal aliyekuja na chai ya tangawizi akaiweka pembeni bila kuuliza kitu. Katika siku hizo ndipo Manji alipoanza kuzungumza, si sana, kati ya mlima na mlima. Mdogo wake Prabhudas alikuwa mjini akiuza kila kilichouzika ili ahame nchi na watoto wake. Kila lori lililopita lilileta ujumbe: kaka, njooni twende.

"Utakwenda, Mzee?" aliuliza Anselm, akipangusa jasho.

"Kwenda wapi? Prabhudas anasema huko kuna baridi, mvua inaganda inashuka nyeupe, watu wanaikanyaga miezi mitatu. Mimi tope hili tu limenishinda." Akapunguza utambi wa kandili. "Sijachoka kukaa, Anselm. Nimechoka kuulizwa. Kila mtu ananiuliza nakwenda au sikwendi. Wewe tu ndiye hukuuliza, na leo umeuliza."

"Nisamehe, Mzee."

"Piga pedeli. Sekenke haijaisha."

Aprili ikaisha, mvua ikaanza kuja kwa kusuasua, kisha ikaacha. Tope likakauka, barabara ikafukiwa mashimo yake, na upepo wa Singida ukarudi, ule unaotoka kusini mashariki na, ikifika Juni, humsukuma mtu tangu akiwa bado kitandani. Waliing'oa baiskeli kutoka kwenye mbao zake. Siku ya kwanza barabarani Anselm alishangaa: baiskeli ilikuwa inakwenda. Alipiga pedeli, na mti ukaja, ukapita! Alikuwa amesahau kwamba ndivyo inavyokuwa. Alirudi amechoka, lakini uso wake ulikuwa na kitu ambacho Dina hakuwa amekiona tangu mwaka uanze.

Mwezi huohuo Antipasi alikuja kusema agizo limelegezwa. Wenye maduka wanaweza kufungua tena. Manji alimshukuru. Hakufungua. Alisema atafungua baada ya mbio, maana kichwa chake hakiwezi kubeba mambo mawili.

Somo lake la mwisho lilikuwa moja, akalirudia mpaka Anselm akalichoka. "Kutoka mjini kuja Iguguno upepo utawasukuma, kila mtu atajiona bingwa. Mkigeuka kurudi, ndipo mbio zinaanza. Usikae mbele. Jifiche nyuma ya mtu, umfanye ukuta. Mbele upepo unakula nyama. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Siku ya Saba Saba Manji alitoa kiti nje kabla ya mapambazuko, akakiweka barazani mkabala na pipa lililowekwa njia panda, mahali waendesha baiskeli watakapogeukia. Alijifunga shuka, akavaa kofia, akangoja. Usiku ule hakuwa amelala hata kidogo.

Mbio zilianza mjini jua likiwa limeshapanda. Anselm alikwenda na kundi, upepo mgongoni, akaona wepesi wa ajabu miguuni. Milima iliyowatoa wenzake jasho yeye aliipanda kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake. Mmoja mmoja walibaki. Walipokaribia Iguguno walikuwa watatu: yeye, askari polisi mmoja mwenye mapaja kama magogo, na kijana wa reli kutoka Itigi aliyeitwa Mazengo. Anselm akaongeza mwendo. Alitaka afike kwenye lile pipa wa kwanza, mzee amwone.

Alifika wa kwanza. Watu wakapiga kelele, Antipasi akarusha kofia juu. Anselm akageuza kichwa kutazama baraza la duka.

Mzee Manji alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kifuani, kofia imemwangukia puani, mikono imelegea juu ya shuka. Kelele zote zile hazikumfikia. Mama Chanchal alikuwa amesimama kando yake, mkono umeshafika begani kumwamsha, macho yakimtazama Anselm.

Anselm alitikisa kichwa: mwache.

Kisha akalizunguka pipa, na upepo ukampiga kifuani kama mlango.

Alipaswa kurudi nyuma, kumwachia askari au Mazengo mbele. Alilijua hilo. Lakini alipopunguza mwendo, nao wakapunguza. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wake. Wakavizana hivyo, na nyuma kundi likaanza kuonekana katika vumbi. Anselm hakuwa na moyo wa mchezo ule. Miezi yote aliyokaa ndani ya duka alikuwa peke yake na mzigo mbele yake, akauzoea. Akainama, akaubeba upepo. Wale wawili wakaingia nyuma ya mgongo wake wakatulia, kama ndama nyuma ya zizi.

Aliwavuta karibu njia yote. Walipoanza kuyaona yale majabali ya Singida mjini, miguu yake ikageuka maji. Askari akampita kwanza, bila haraka. Mazengo akafuata, akamtupia jicho lililokuwa na aibu kidogo. Anselm alijaribu kusimama juu ya pedeli, mwili ukakataa. Akamaliza wa tatu.

Alirudi na lori la chumvi, yeye na baiskeli yake juu ya magunia. Liliposimama Iguguno jua lilikuwa linazama, na Manji alikuwa palepale kwenye kiti, macho wazi sasa, mekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Habari imeshafika. Wa tatu." Akamwonyesha ngazi aketi. "Nani alikuwa mbele kwenye upepo?"

"Mimi."

"Njia yote?"

"Karibu yote."

Manji alifumba macho. Anselm alingoja agombezwe, alikuwa tayari.

"Na mimi nilikuwa nimelala," alisema Manji. "Masika nzima nakugongea meza, umepita mbele ya pua yangu wa kwanza, mimi nakoroma. Chanchal ananiambia hukutaka niamshwe. Kwa nini?"

Anselm alifikiri. "Ulikuwa umechoka, Mzee."

Midomo ya Manji ilitetemeka, Anselm asijue ni kicheko au kilio. Mama Chanchal alikuja na chai. Wakainywa, watu wakipita na kusalimu. Hakuna aliyetaja mwakani. Manji alisema kesho atatuma mtu mjini akamletee chumvi na sabuni kidogo, aone kama bado anaweza kuuza. Anselm akasema vizuri. Kisha akainuka kwa kujishika ukuta.

Hakuipanda baiskeli. Aliikokota taratibu kuvuka mbuga kavu, mpaka nyumbani. Dina alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi.

"Wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wanachukua wangapi?"

"Wawili."

Dina alipukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akalitupa kwenye rundo. Akasimama, akaipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani.

"Maji yako yamechemka," alisema. "Oga, ule, ulale. Kesho kuna mahindi ya kubeba kutoka shamba la kule chini, na sitayabeba peke yangu."

"Nitabeba," alisema Anselm, akainama mlangoni, akaingia.